Marehemu Mwalimu Badria Wakil, Ioni Mbili za Manganizi na Sahani ya Ilham

Assalaam aleikum, na kwa walimu na majirani zetu wasiokuwa Waislamu, karibuni sana, na poleni, kwani msiba huu ni wenu kama ulivyo wetu.

Mimi naitwa Abrahman Wakil Khatib, fundi umeme, ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na si mtu wa kusoma mbele ya watu. Kwetu mtu akishazikwa husomewa hitima na kuombewa, na habari zake husimuliwa barazani, kila mtu kwa anavyomjua, lakini walimu wenzake wameomba historia yake isomwe mbele ya wote kama wafanyavyo wao kwenye misiba yao, na sisi wa familia tumekubali, kwa sababu ndani yake limo jambo linalomhusu mwanawe Ilham, ambaye ana maradhi ya ini ya kuzaliwa nayo, na jambo hilo ni lazima lisemwe leo kabla masinia hayajatoka jikoni. Kifungu cha kemia amenipitishia Mwalimu Kidawa, mwenzake wa chuoni, nisije nikasema uongo mbele ya wanafunzi wa dada yangu, maana mimi kemia aliwahi kunifundisha mwenyewe, na matokeo yake naomba tuyaache yalipo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, Kikwajuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu mzee Wakil Khatib, seremala wa bandarini, na marehemu mama yetu Bi Zuleikha Yussuf. Alipofika miaka sita familia ilihamia Michenzani, ghorofa ya tatu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba maji yakikatika juu hayakatiki chini, na kwa ugunduzi huo akatupa sisi kazi ya kupandisha ndoo, naye akabaki na kazi ya kutoa amri kutoka dirishani.

Alisoma chuo cha Kurani hapa hapa mtaani, akaanza darasa la kwanza Januari 1979 katika skuli ya mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989 na kidato cha sita mwaka 1992, na katika miaka yote hiyo sifa yake ilikuwa moja, kwamba hakubali kitu mpaka akione. Mwalimu mmoja alipofundisha kwamba mafuta na maji hayachanganyiki, kesho yake Badria alikwenda skuli na kopo la tui la nazi, akaliweka juu ya meza, akauliza hiki basi ni kitu gani, maana mafuta yamo na maji yamo. Aliambiwa akae chini, na tui lile mwalimu akaondoka nalo kwenda kupikia wali, lakini dada alisema siku zote kwamba kemia kwake ilianzia hapo.

Mwaka huo huo wa 1992 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, akahitimu shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu mwaka 1995, na tarehe 1 Februari 1996 akaajiriwa kuwa mwalimu wa kemia na baiolojia wa sekondari hapa Unguja. Wako kati yenu madaktari na wakunga aliowafundisha yeye, na wengine wamesimama nje kwa kukosa nafasi, tunawaona na tunawashukuru.

Tarehe 5 Julai 1997 alifunga ndoa na Bwana Bakar Ahmada Khatib, bwana shamba wa Kizimbani, ambaye ni mtoto wa ami yetu. Wazee wetu walipenda kuona watoto wa ndugu wawili wanarudi kuwa nyumba moja, na hao wawili walipendana kweli, hakuna aliyeburuzwa na mtu, nalisema hili wazi kwa sababu baadaye maneno yalizuka. Walijaaliwa watoto wawili, Borafya aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1998, na Ilham aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 2001.

Ilham alizaliwa mzima, akakaa kwa wakati wake, akatembea kwa wakati wake, na kusema alisema mapema kuliko kaka yake. Alipopita miaka mitatu akaanza kutembea kwa ncha za vidole, magoti yakakaza, akawa anaanguka mahali pasipo na kitu cha kumwangusha, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea moja moja, mama yake anamwita naye anamwangalia tu. Na jambo lililotushangaza sote, mtoto wa kisiwani huyu alikuwa hataki samaki, akilishwa anatema, akipewa maharage anafumba mdomo, anachokitaka ni muhogo, ndizi na tui basi. Wako waliosema ana shetani wa ukoo aliyemwekea mwiko, akanyweshwa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, akafukizwa, na Badria hakumdharau mtu yeyote aliyekuja na dawa yake, kwa sababu hata yeye na shahada yake hakuwa na jibu.

Hapa lazima nimtaje marehemu Bi Mwanapili, mama mzazi wa Bakar, mkaazi wa Makunduchi, mchokoaji pweza ambaye wanawake wenzake walimjua kwa macho yake, kwani pweza akishajificha kwenye tundu la mwamba asionekane na mtu yeye humwona. Kila mtu wa pwani anajua kwamba supu ya pweza humtia mtu nguvu za miguu, na mjukuu wake miguu ilikuwa inamwisha nguvu, basi mama huyu alifanya ambalo bibi yeyote mwenye mapenzi angelifanya. Kila likizo Ilham alipopelekwa shamba, maji yakitoka pwani bibi alikuwa wa mwanzo kuingia mwambani na kijiti chake, anarudi, anachemsha, anatia ndimu na pilipili manga, anampakata mtoto na kumnywesha kijiko kwa kijiko, anamwambia, "Kunywa mwanangu, kunywa upate miguu." Mtoto anatapika, analala usingizi mzito usio wa kawaida, akiamka miguu imekaza zaidi ya jana, na bibi akiona hivyo anajua supu haijatosha, kesho anarudi mwambani. Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuna aliyempenda mtoto yule kuliko yeye, na ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa Aprili 2007 Badria na Bakar walimpeleka Ilham India, na huko damu yake ilipopimwa ikakutwa imejaa kitu kinachoitwa arjinini, mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa, na daktari akawaambia kwamba ini la mtoto huyu lina kasoro katika kimeng'enya kiitwacho arjinesi, maradhi ya nadra, ambayo mtoto huyapata pale tu anaporithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama kwa pamoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, nieleze kama alivyotueleza yeye. Nyama, samaki, pweza, maharage, vyote vina protini, na mwili ukishachukua haja yake hubaki taka yenye sumu, ambayo ini huigeuza kidogo kidogo mpaka ikawa yurea, ikatoka kwa mkojo, na hatua ya mwisho ya kazi hiyo ni kuikata arjinini, na mkataji ni hicho kimeng'enya. Ndani ya kimeng'enya kuna kishimo, na ndani ya kishimo zimekaa ioni mbili za manganizi, madini ya kawaida, yamo udongoni na yamo katika vyakula vyetu, zimekaribiana sana lakini hazigusani, na baina yao zimeshika chembe moja tu ya maji. Kila ioni inayavuta maji yale upande wake, zinayavuta mpaka yanaachia kipande cha hidrojeni, na kilichobaki kinakuwa kikali, kinaiingia arjinini na kuikata, yurea inatoka, na zile ioni mbili ziko pale pale, hazikupungua wala hazikuchakaa, zinashika maji mengine. Dada alikuwa akisema maji hayo ni haya haya tunayoyanywa, hayana ukali wowote, ukali yanaupata kwa kushikwa na wawili. Ukiiondoa ioni moja, iliyobaki bado inayashika maji, lakini inayashika tu, kazi inashuka, na kwa Ilham mahali pa kukaa ioni ya pili pameumbika vibaya, kwa hiyo arjinini haikatwi, inajaa, inapanda kichwani, na miguu ndiyo inayolipa.

Bakar alimpigia simu mama yake kutoka huko huko India kumwambia supu ikome, na bibi akaumia mno, akasema, "Mmekwenda Bara Hindi kuambiwa mie nnamuua mjukuu wangu?" akakata simu, na kwa miezi mitatu mguu wake haukukanyaga Michenzani. Dada hakumtumia mtu wa kumsuluhisha, mwezi wa Agosti alikwenda mwenyewe Makunduchi, akakaa siku mbili asilitaje jambo lile, siku ya tatu wakawa wanafua pamoja kisimani, na katika nguo mlikuwa na blanketi zito la majeshi. Wakalishika huku na huku wakalikamua, maji yakamwagika, kisha dada akamwambia, "Mama, sasa achia upande wako." Bibi akaachia, na blanketi likamzunguka Badria mikononi, halikamuliki, likaanguka mchangani na maji yake yote. Dada akamwambia, "Ndiyo ini la Ilham hilo, mkamuaji amebaki mmoja, na kila tukimpa samaki sisi tunaliongezea maji."

Bi Mwanapili aliliokota blanketi, akalisuuza tena kwa sababu lilishaingia mchanga, akafanya kazi ile pole pole, kisha akasema, "Kwa hivo miaka yote ile nlikuwa nnamwagia maji tu." Na dada akamjibu, "Hukujua, mama, hata mie mwalimu sikujua, mie ndiye niliyekuwa nnamshika kichwa asikwepe kijiko." Wakakaa pale kisimani wakalia wote wawili. Mambo haya sikuyashuhudia, nimeyasikia kwa bibi mwenyewe, na kila alipoyasimulia aliishia hapo kwenye kichwa na kijiko.

Habari ilipoenea mitaani kwamba mtoto wa Mwalimu Badria ana upungufu wa manganizi, ambavyo sivyo ilivyokuwa, likatokea jambo ambalo nadhani lisingetokea kwingine isipokuwa hapa. Bakar alisikia kazini kwamba karafuu ina manganizi nyingi kupita vyakula karibu vyote, na ni kweli inayo, akarudi nyumbani na furushi, na jirani wakasikia, na ukoo ukasikia. Uji ukatiwa karafuu, chai ikatiwa karafuu, muhogo wa watu ukapikwa kwa karafuu, Bi Mwanaasha wa ghorofa ya pili akamshonea mtoto mto wa karafuu alalie, yupo hapa ananisikia na anacheka, na mtu akipanda ngazi zetu alijua kwa pua kwamba amefika. Badria alivumilia wiki nzima, halafu akatuita wote sebuleni, akasema wageni wamejaa mlangoni, manganizi hazipungui mwilini mwa Ilham, kilichovunjika ni kiti, na karafuu nyingi zitamuumiza ini ambalo tayari ni bovu. Bakar akazirudisha karafuu zake Kizimbani.

Lakini dada alikuja kuniambia baadaye kwamba siku ile alipokuwa akitukemea, moyoni alikuwa anajiuliza, je, kama wageni wakiwa wengi sana, hakuna hata mmoja atakayeweza kukaa kwenye kile kiti kibovu? Swali hilo lilimkosesha raha, na Oktoba 2009, akiwa na miaka thelathini na saba, aliomba ruhusa kazini, akawaacha watoto mikononi mwa baba yao na Bi Mwanapili, akarudi chuo kikuu Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya baiokemia, na mada aliyoichagua ni hiyo hiyo, ioni mbili za manganizi katika kimeng'enya arjinesi, na kama kuziongeza kunaweza kuirudisha kazi iliyopotea.

Alianza na ini la ng'ombe, akakitoa kimeng'enya, akakivua madini yake, kazi ikafa kabisa, kisha akakirudishia chumvi ya manganizi na kukipasha moto taratibu, na kazi ikafufuka. Siku hiyo alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi natengeneza taa, akawa anasema maneno mengi ya kemia nisiyoyajua, nikafahamu neno moja tu, "Imerudi, Abrahman, imerudi," na nikashuka ngazi nikakaa chini, kwa sababu tokea mtoto aanze kuanguka sikuwahi kumsikia dada yangu na furaha ya namna ile.

Hatua ya pili ilikuwa kukijaribu kimeng'enya chenye kasoro kama ya Ilham. Wataalamu wa nje wakamsaidia kukitengeneza ndani ya bakteria na kumletea, akakitia manganizi, akaongeza, akakipasha, akaongeza tena, na ioni ya kwanza ikakaa kwa shida, ya pili ikaja ikaondoka, ikaja ikaondoka, na hata pale ilipokubali kukaa kidogo ilikuwa ni kwa kiasi cha manganizi ambacho kingeuharibu ubongo wa mtoto kabla hakijalisaidia ini. Alirudia kazi ile mpaka msimamizi wake akamwomba aache. Na alipoandika hakupunguza wala hakuremba, aliandika kama alivyoona, na Novemba 2011 alitunukiwa shahada kwa kuthibitisha kwamba dawa aliyoitumaini haimfai mwanawe. Picha ya mahafali ile iliyopo ukutani, watu wamekuwa wakiiangalia na kusema mwalimu alinuna kwa maringo, lakini mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, na alichoniambia ni hiki, "Nimepasi, Abrahman, na sina cha kumpelekea mtoto."

Nilidhani angekata tamaa, kumbe sikumjua dada yangu. Alirudi Unguja, akasema kama ini halisaidiki basi kilichobaki mkononi mwetu ni sahani, na tokea siku hiyo hadi alipolazwa mara ya mwisho sahani ya Ilham aliipima yeye, muhogo, viazi, ndizi mbichi, mboga, tui, wali kwa kipimo, dawa zake, na ule unga wa maziwa maalumu unaoagizwa nje, ambao una ladha mbaya jamani, mimi nimeuonja, na mtoto yule ameunywa kila siku bila ya kulalamika. Maneno aliyoyapoteza mengine yakarudi. Magoti hayakurudi yote, lakini hayakuzidi kukaza, na leo Ilham anatembea kwa mkongojo mmoja, amemaliza kidato cha nne, na kofia za viua anazozishona mnazivaa humu ndani, wengine mnamjua fundi na wengine mlikuwa hamjui.

Kuanzia Septemba 2012 marehemu alifundisha baiokemia chuo kikuu hapa Zanzibar, na wanafunzi wake wananiambia alikuwa hakubali jibu la kwamba madini fulani yanafanya kazi fulani, atakuuliza yako na nani, yameshika nini, na yamekaa wapi. Aliwaonyesha kwamba wako bakteria wasiokuwa na chuma cha kuwatosha, na hao hutumia ioni mbili hizo hizo za manganizi kuvunja ile dawa inayotoa povu tunayooshea vidonda, na huko zenyewe zinabadilika, zinatoa na kupokea, tofauti na kwenye ini ambako zinashika tu, na kwamba katika jani la mti ziko nne, na pumzi tunayoivuta imetoka huko. Alivipenda vitu hivi kwa dhati, ingawa ndivyo vilivyomvunja moyo, na alipoulizwa vipi anaweza, alisema manganizi haina kosa.

Sasa naingia penye uzito. Kisiwa hiki mtu hapendwi kwa maneno, hupendwa kwa sahani. Harusini, kwenye maulidi, Ramadhani wakati wa futari, sikukuu, kila mahali mkono wa heri unamfuata mtoto mwenye mkongojo na kipande cha nyama, maskini hana kitu kwenye sahani yake, mama yake bakhili, chukua mwanangu ule. Mwezi wa Disemba 2016, kwenye harusi, mtu mmoja mwenye huruma, nasisitiza mwenye huruma, alimpa Ilham biriani ya nyama nyuma ya mgongo wa mama yake, na binti wa miaka kumi na tano akaona haya kumwambia mtu mzima hapana, akala. Alilala hospitali hajitambui, na tulishaambiwa tujitayarishe. Alipoamka, mama yake hakumuuliza ni nani aliyempa, na hadi leo jina hilo hatulijui wala hatulitaki.

Baada ya hapo Bi Mwanapili alihamia mjini, mwambani hakurudi tena, na popote alipokwenda Ilham alikaa ubavuni pake, na kila sahani iliyokuja aliirudisha kwa maneno matamu, "Ahsante mwanangu, huyu analo lake, mpe mwengine." Upande mmoja bibi, upande wa pili mama, mtoto kati. Bibi alipofariki tarehe 3 Mei 2019, dada alisimama peke yake, akaitwa bakhili peke yake, akaitwa mwenye maringo ya kisomo, na wengine wakamshauri Bakar aoe nje ya ukoo apate watoto wazima. Bakar, nakusema mbele ya watu na utanisamehe, uliwajibu kwamba ile kasoro mmeitia nusu kwa nusu na hukuona kwa nini aondoke mmoja, na dada alikuja kuniambia jibu lile kwa macho ya bibi harusi.

Novemba 2023 marehemu alianza kukosa pumzi akipanda ngazi, akapimwa akakutwa moyo wake umetanuka, akatibiwa hapa na Dar es Salaam, akaendelea kufundisha akiwa amekaa kitini hadi Juni mwaka huu. Tarehe 2 Septemba alilazwa, na kila aliyekwenda kumwangalia aliulizwa swali moja tu, nani amekaa na Ilham, nani yuko naye akila. Alifariki siku ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, kabla ya adhuhuri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, Mwanakwerekwe. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi dakika yake ya mwisho, uongozi wa chuo, walimu wenzake waliovuka bahari kuja kutufariji, wanafunzi wake waliochimba kaburi kwa mikono yao, majirani wa Michenzani na Kikwajuni waliopika tokea alfajiri, na jamaa wote wa Makunduchi.

Hapa mwisho nilikuwa nimeandika maneno yangu ya kukuombeni nyote, hasa upande wa kina mama mnaotusikia kwa spika, kwamba mchukue zamu ya kumlinda Ilham, kila mmoja awe jicho juu ya sahani yake. Asubuhi ya leo nilimsomea, kwa kuwa ni haki yake, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akanambia niyafute. Nikamuuliza kwa nini, mama yako amekufa na wasiwasi huo. Akasema, "Mjomba, mie si mtoto wa kukaliwa ubavuni. Kukataa nnajua. Watu ndio hawajui kukataliwa."

Basi nimeyafuta, na badala yake nasema haya kwa amri yake. Masinia yanatoka sasa hivi, na mtu yeyote atakayemkaribisha Ilham nyama amkaribishe, si dhambi, ni mapenzi, na yeye atasema hapana, na akishasema hapana asisikitikiwe, asiulizwe mara ya pili, wala mtu asinune.

Dada Badria, mwanao kajisemea mwenyewe, mbele ya watu wote. Kazi uliyoiogopa kuiacha imepata mwenyewe. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.